Gego la Mama Mkwe

Daktari wa meno wa nyuma ya soko alikuwa mtu wa adabu, na adabu ikizidi nayo hugeuka ugonjwa. Alipogonga meza kwa bahati mbaya aliiomba radhi. Ila mbele ya kiti cha wagonjwa alikuwa simba. "Panua! Zaidi! Unaogopa inzi ataingia?" Nao walipanua.

Siku mkewe alipomleta mama yake, shavu limevimba kama mpira, simba akawa paka wa jikoni.

"Naomba radhi, mama. Kama hutajali, fungua mdomo."

"Nifungue kiasi gani, mwanangu?"

"Kiasi utakachoona kinafaa."

Mama akaona kinafaa kiasi cha kupitisha sindano ya kushonea. Mkwe naye angechunguliaje koo la mtu aliyemzalia mke? Akafanya kazi ameangalia dari. Akapapasa mifereji mitatu ya mizizi, akaisafisha, akaiziba, akamshukuru Mungu. Gego la juu lina tabia ya kuficha mfereji wa nne, hilo alilijua fika, hata wanafunzi aliwahubiria. Lakini kuutafuta kinywani mwa mama mkwe aliona ni kama kumpekua mkoba.

Haukupita muda mama akarudi, mkono shavuni.

"Mwanangu, jino linapiga ngoma. Ama ulitibu leo, ama naenda kwa jirani yako wa koleo aling'oe. Na ndilo gego langu la mwisho la kutafunia. Likienda hili, mimi nimebaki wa kumeza tu kama bata."

"Baba watoto," mkewe akasema mlangoni, "mama aking'olewa, chakula chako utajipikia."

Daktari akapiga ganzi. Akaondoa kizibo, akavuta hadubini ya kusimama, akabandika macho kwenye lenzi. Ajabu! Chombo cha kusogeza vitu karibu kilimpeleka mama mkwe mbali kabisa. Uso haukuwapo, wala yale macho yaliyomhoji siku ya posa. Kulikuwa na sakafu ya jino tu, pana kama uwanja. Na kati ya mfereji wa mbele upande wa shavu na ule wa kaakaani, palikuwa na kijistari cheusi kinachopotea chini ya kibaraza cha mfupa wa jino.

Akawasha kijichombo chenye ncha kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti. Kikalia kama mbu, kikakwangua kibaraza kidogo kidogo, vumbi jeupe likitoka. Kikizidi chembe moja, sakafu inatoboka na gego limekwenda na maji. Hapo mama akameza mate, kichwa kikacheza.

"Tulia!" simba akanguruma. "Nani kakwambia ufunge? Panua! Na huo ulimi, weka kando!"

Mkewe akajishika kichwa. Mama akapanua mpaka taya zikalia.

Kijishimo kikajitokeza, chembamba kuliko unywele. Kijiuzi cha chuma kikazama.

"Nimekupata, mwizi wee!"

Akainua kichwa kwa furaha, akakutana na macho ya mama mkwe.

"Mama... naomba radhi... nilipitiwa..."

Mama, nusu ya mdomo imekufa ganzi, akamwonyesha lenzi kwa kidole.

"Huko ndani nimesikia mwanamume," akasema kwa tabu. "Rudi huko huko umalize. Radhi utaniomba nikishashuka kitini."