Tulishamzika baba kule Sirisia, kumbe yuko pwani anafukuzwa kwenye plot

Wakuu, salamu kwenu wote, wa bara na wa pwani.

Nimesoma humu nyuzi za watu wa pwani wakilalamika kuhusu hoteli na mashamba, na sisi wa bara tunawajibu kwa kejeli, ati si mliuza wenyewe. Nimekaa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika ya kwangu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Asiyetaka kuamini apite, nyuzi ziko nyingi. Majina nimebadilisha, na kile kijiji cha pwani sikitaji.

Mimi ni wa Sirisia, Bungoma. Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nafanya kazi kwenye stoo ya mahindi Kitale. Kazi yenyewe ni kupima unyevu, kupanga magunia, na kugombana na madereva wa malori.

Baba aliondoka nyumbani nikiwa mtoto wa darasa la pili. Alienda pwani kukata mawe kwenye timbo, yale machimbo wanakotoa mawe meupe ya kujengea. Mwanzoni alikuwa anarudi kila Krismasi. Baadaye akawa anarudi Krismasi moja, anaruka moja. Halafu akaacha kabisa.

Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia. Waliotoka huko walileta habari tofauti tofauti. Mmoja alisema timbo liliporomoka. Mwingine alisema watu wa bara walifukuzwa kwa mapanga na baba hakuonekana tena. Hakuna aliyeona kwa macho yake.

Sasa wasio wa kwetu nisikilizeni hapa, maana bila hili hamtaelewa kitu.

Kwetu mtu akipotea kwa miaka, na nyumbani watu wakianza kuuguaugua, wazee husema huyo mtu alifia huko na analala nje kwenye baridi. Anataka arudi kwao. Basi anazikwa bila mwili. Shina la mgomba linakatwa, linafungwa shuka, linawekwa kwenye sanduku, na linazikwa kama mtu. Na watu wanalia kabisa, hakuna maigizo hapo.

Aliyetaka ifanyike ni Kukhu, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba. Alikuwa anamwota baba amesimama mlangoni amelowa maji, hasemi neno. Dada yangu naye alikuwa anaumwa na hospitali hawaoni ugonjwa. Kukhu alimpenda mwanawe. Hilo mlijue kabla hamjaanza kututukana.

Nilibeba lile sanduku nikiwa mmoja wa wabebaji. Lilikuwa zito, na maji ya mgomba yalikuwa yanavuja kwenye bega langu. Nililia mpaka nikaona aibu.

Mama alinyolewa nywele. Alikaa matanga. Muda wa kuomboleza ulipokwisha, wazee wakamkabidhi kwa Simiyu, mdogo wake baba, amtunze kama desturi ilivyo. Akazaa naye msichana. Simiyu si mtu mbaya, ndiye aliyenisomesha mpaka nikamaliza.

Tukaendelea na maisha.

Sasa mwaka 2004, dereva mmoja wa lori anayepeleka mahindi Mombasa, tumwite Barasa, akaingia stoo akiwa amechangamka.

"Wafula, kuna mzee wa kwenu huko kwa maji ya chumvi. Anasalimia Wafula wa Nekesa, ati ule alikuwa anaogopa bata mzinga."

Nekesa ni mama yangu. Na mambo ya bata mzinga hayakutoka nje ya boma letu hata siku moja.

Nikamwambia Barasa kwamba baba yangu alikufa na tulimzika. Akanitazama kidogo.

"Basi huyo marehemu wenu amekula chapati yangu mbili," akasema.

Sikucheka. Nilikaa chini juu ya gunia, na ile mashine ya kupima unyevu nikaiangusha. Safari iliyofuata ya Barasa nikapanda naye.

Wakuu, nilikuwa sijawahi kuona bahari. Na nilipofika kwenye kile kijiji sikuiona vilevile. Niliuona ukuta.

Hoteli ilikuwa inajengwa. Njia ya watu ya kwenda ufukweni ilikuwa imezibwa, na wavuvi walikuwa wanabeba nyavu zao mzunguko mrefu kupitia kwenye mikoko. Kisima cha kijiji kilikuwa ndani ya ukuta. Hata makaburi yao yalibaki ndani. Mtu akitaka kumsomea dua mama yake, lazima kwanza ambembeleze askari wa geti.

Nyumba zilizobaki nje nazo zilikuwa zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Title deed ilikuwa na mtu wa Nairobi ambaye pale kijijini hakuna aliyewahi kumwona.

Kwenye moja ya nyumba hizo ndimo alimokuwa baba.

Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Mikono ilikuwa myeupe kwa vumbi la mawe, na alikuwa anakohoa. Tulisalimiana kwa mkono kama watu waliokutana kwenye mazishi ya mtu wa mbali.

Ndipo nikagundua nina hasira. Nilikuwa nimejiandaa kulia, badala yake nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutuma hata salamu.

"Ningekuja na nini?" akanijibu. "Kila mwaka nirikuwa nasema mwaka ujao nitakuwa na kitu. Mwisho nikaona haya."

Hilo tu. Miaka yote hiyo kwa sababu ya haya. Wanaume wa kwetu mnajijua hapo, na mimi najijua.

Akanionyesha ule ukuta. Mawe mengi alikuwa ameyakata yeye, timbo lao ndilo lililopewa kazi. Alicheka akisema hivyo, halafu kikohozi kikamkamata.

Jirani yake, mama mmoja wa pale aliyemzoea baba miaka mingi, alituletea chai na mahamri. Tumwite Mama Rehema.

"Mwanangu, mchukue mzee mapema kabla tingatinga halijaja," akaniambia. "Sie tumezaliwa hapa, wazee wetu wamezikwa hapa, na hatujui pa kwenda. Yeye afadhali. Yeye ana kwao."

Kila tuliyemuaga alisema neno hilohilo. Mzee ana kwao. Walilisema kwa kumwonea wivu, na kweli walikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga mzigo. Sikuweza kuinua uso.

Nilimwambia tukiwa njiani, lori limesimama kubadilishwa gurudumu. Kwamba nyumbani ana kaburi.

Alitazama gurudumu likifungwa. Kisha akauliza, "Murizika nini?"

"Mgomba."

"Watu walikuja?"

Nikasema walikuja, boma lilijaa. Akatikisa kichwa taratibu, na naapa kwenu niliona ameridhika kidogo. Halafu akauliza kuhusu Nekesa. Hilo nalo nikamwambia. Akapanda lori, akajifanya amelala mpaka Kitale.

Nilitanguliza habari nyumbani. Tulipofika Sirisia, wazee walikuwa wanatungoja njiani, kando ya shamba la mahindi, nje ya ua. Mtu aliyezikwa haingii bomani hivihivi. Baba alipewa kigoda akae nje. Chakula alipelekewa huko, na ile sahani haikurudi jikoni.

Kukhu akaja na fimbo yake. Macho yalikuwa yamefifia. Akasimama ndani ya ua.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mayi," baba akamjibu mama yake.

"Nirikulilia mpaka macho ikaisha," akasema. "Kaa hapo kwanza. Usikanyage huku."

Alikuwa analia huku anamzuia kwa fimbo. 

Wazee wakatoa masharti. Kaburi lifunguliwe, mgomba utolewe na uchomwe. Kondoo achinjwe, baba apakwe majani yaliyo tumboni mwa kondoo, ndipo aingie nyumbani kama mtu hai. Siku ikapangwa. Nikamrudisha kwangu Kitale angoje.

Siku ile tukaenda. Kondoo alikuwa amefungwa, majembe yako tayari, baba yuko nje ya ua kwenye kigoda chake. Simiyu mwenyewe alikuwa ameshika jembe.

Ndipo mama akasimama. Mama yangu si mtu wa kusema mbele ya wazee.

"Mimi sikatai," akasema. "Lakini mukifungua hiyo kaburi, muniambie mimi ni bibi ya nani. Na huyu mutoto wangu muniambie ni wa nani. Nirinyoa nywele. Nirikaa matanga. Ni ninyi mulinipatia Simiyu, mbele ya watu wote. Leo mutasema nirikuwa nalala na shemeji na bwana yangu ako hai?"

 Wazee walitazama chini. Simiyu aliweka jembe chini polepole. Mimi mtoto wa kwanza, niliyesoma, nikaanza kukaza kamba ya kondoo.

Jibu lilitoka nje ya ua.

"Acheni kaburi," baba akasema.

Mzee mmoja akasogea karibu naye. "Harafu ujue. Kama haifunguliwi, hata siku yako ikifika usiletwe hapa. Mutu moja hana kaburi mbili."

"Nimesikia."

"Umesikia vizuri?"

"Si nimesema nimesikia, bana."

Akainuka, akapangusa suruali, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Hakuaga. Mama aliingia ndani akafunga mlango, na kilio chake tulikisikia mpaka nje.

Wapo walioniambia mama alikuwa na roho mbaya. Nawaambia na ninyi mapema, msianze. Mama alikuwa amesema kweli tupu. Wazee walipanga sherehe yote hiyo bila kumuuliza.

Nilimtafutia baba chumba Kiminini, mji mdogo nje ya Kitale, karibu na stage. Watu wa pale ni mchanganyiko, hakuna anayeuliza ukoo wako. Jirani yake mama mmoja wa Kikuyu anayeuza viazi alimpa jina la Mombasa, na jina likashika. Alikuwa anafyatua matofali ya udongo siku ambazo kifua kilimruhusu. Aliyadharau, akisema hayo si mawe.

Alikaa hapo miaka. Mara moja moja Barasa alituletea habari za pwani. Zile nyumba zilibomolewa zote. Mama Rehema na wenzake walijenga vibanda kando ya barabara kuu, navyo wakaambiwa viko kwenye ardhi ya barabara. Hoteli ilifunguliwa. Baba alisikiliza, halafu akasema, "Na wao ndio walikuwa wananiambia mimi nina kwetu."

Mwishowe kikohozi kilimshinda. Alipokuwa kitandani aliniuliza swali moja tu, kwamba nitampeleka wapi. Nikamwambia apone kwanza. Akageukia ukutani.

Alipofariki nilikwenda Sirisia kuomba. Simiyu alilia kama mtoto, lakini akaniambia neno la wazee halivunjwi.  Mama alinipa shuka jipya nimfunike nalo.

Nilimzika kwenye makaburi ya umma Kitale. Wa kwetu mnajua maana yake. Pale kwetu tunasema ni pa watu wasio na watu. Barasa alikuja. Watu wa Kiminini walikuja, yule mama wa viazi ndiye aliyeanzisha wimbo. Simiyu alikuja peke yake, akasimama nyuma kabisa ameshika kofia. Wachimba kaburi walikuwa na haraka, kulikuwa na wengine wanangoja zamu.

Kukhu nilimpelekea habari mwenyewe. Nilimwambia nimetafuta gari, twende nimwonyeshe mahali mwanawe alipo.

Akakataa. Akachukua jembe lake dogo, akaenda kando ya nyumba, akaanza kung'oa magugu pale tulipozika mgomba, kama anavyofanya kila wiki tangu siku ile.

"Mutoto wangu ako hapa," akaniambia. "Huyo wa Kitale mimi simujui."

Nilisimama pale nikimwangalia, mwishowe nikainama nikamsaidia.

Nilichojifunza ni kidogo, wakuu. Kama una mtu wenu aliyepotelea mbali, mtafute kwa miguu kabla hamjakata mgomba. Kama wewe ndiye uko mbali na huna kitu, rudi hivyohivyo mikono mitupu, utachekwa wiki moja watu wasahau. Na siku mtu anafukuzwa mahali, usimwambie afadhali yeye ana kwao. Hujui kwao kukoje.

Desturi yetu sijaikana, na waliotuzikisha mgomba siwalaumu. Ila hadi leo sijui kama nilitakiwa kulifungua lile kaburi kwa nguvu na kumvunjia mama heshima, au nilifanya sawa kumlaza baba kati ya watu asiowajua.

Wenye mawazo karibuni, hasa wazee wa Bungoma na watu wa pwani mliomo humu. Ingekuwa ni baba yako, ungemzika wapi?