Ulezi wa Wajane

Jana sokoni Sumbawanga nilipita kando ya turubai lililoanikwa kimea cha ulezi. Harufu yake ikanikumbusha nyumbani kwetu.

Baba alikuwa katekista, mwalimu wa dini aliyeongoza kigango chetu, kanisa dogo la kijijini. Baada ya mavuno kila nyumba ilipeleka ulezi kanisani kwa ajili ya wajane, na yeye ndiye aliyeugawa. Mwaka mmoja nilimkuta mama akiloweka madebe mawili ya ulezi huo ili apate kimea cha pombe.

"Mama, si wa wajane huu?"

"Nyamaza. Muulize baba yako."

Sikumuuliza. Pombe ilipoiva, watu wakaja kutulimia matuta, maana kwetu anayepika pombe hulimiwa. Alikuja pia mjane jirani yetu, ambaye baba alikuwa amemwambia ulezi wa kanisa umekwisha. Alilima tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyempelekea kibuyu cha pombe ile. Akanywa, akajifuta midomo kwa kanga.

"Mungu akubariki, Katekista. Wewe hutusahau kamwe."

"Amina," baba alijibu, kwa sauti yake ileile ya kanisani.

Mpaka leo watu huniambia nimezaliwa na mtu wa Mungu. Nami huwaitikia, amina.