Mlima Mmoja, Mvua Mbili

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwanangu Tekla, nilipokaa kwenye sengu, kikao cha ukoo, kwa babu nikiwa na hakika kwamba hakuna mtu pale aliyeijua mvua kunishinda mimi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia. Ajira sikuwa nayo, ila maneno nilikuwa nayo ya kutosha ukoo mzima.

Usicheke ninavyokuita mwanangu. Najua ndevu zangu hazijajaa na nasaha ni kazi ya wenye mvi. Lakini mimi ni mjomba wako, nimechangia tumbo na mama yako, na juzi umenipigia simu ukiomba jambo ambalo lazima nilijibu kama mkubwa. Umesema tubadilishane ardhi: wewe na mama yako mchukue upande wote wa ziwani wa ntambo yetu, yaani mlima wetu wa ukoo, mimi nichukue upande wote wa mashariki, ili msihangaike kuvuka kilele na majembe mabegani. Umesema mpaka tulionao ni wa ajabu, na hujaona mwingine wa namna hiyo Mbinga nzima. Ni kweli. Ngoja nikuambie ulivyopatikana.

Wewe ulikuwa mdogo wakati huo. Baba yako alikuwa amefariki kule Liuli, kando ya ziwa, na mama yako akapanda kurudi kwetu milimani na watoto, jembe, na mfuko wa dagaa wa usipa wakavu ambao ulinukisha nyumba yote ya babu. Dada Melania hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alisalimia, akaweka mzigo chini, akauliza jiko liko wapi. Lakini kila mmoja wetu alijua kinachomsumbua. Mvua za mwaka zilikuwa zimebakiza muda mfupi. Asipopata pa kulima kabla hazijaisha, watoto wake wangekula kwa huruma ya watu hadi mwaka wa pili.

Basi babu akaitisha sengu. Siku hizi vijana mnadhani sengu ni hadithi, lakini kwa babu ilikuwa hai: wanaume wa ukoo wanakula pamoja, nyumba hii inaleta ugali, ile inaleta maharage, na sahani zikishafutika ndipo mambo yanazungumzwa. Babu aliamini kwamba mtu mwenye njaa hatoi shauri, anatoa hasira.

Sehemu ya ntambo iliyobaki bila mwenyewe ilikuwa ile ya baba yetu marehemu. Unaijua: mgongo wa mlima unaotoka kaskazini kwenda kusini, kijito huku na kijito kule. Kwa desturi, ardhi kama ile hugawanywa kwa kufuata kilele. Huyu anachukua mteremko wa huku, yule wa kule, na mlima wenyewe ndio mpaka. Hakuna wa kuuhamisha usiku. Babu akasema kwamba Melania ni damu yetu na atapata sawa na mimi. Binamu yangu Ignas akakohoa kidogo, maana watoto wa kike hawakuwa wakipewa ardhi hivihivi, lakini babu alimtazama na kikohozi kikapona.

Kisha babu akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma habari za mvua. Chagua kwanza."

Mwanangu, mimi nilikuwa mtu wa kubishana hata na methali. Mtu akisema dalili ya mvua ni mawingu, namuuliza mbona jana yalipita na hatukulowa. Nikaona siku yangu imefika. Nikachukua kijiti, nikachora mlima kwenye vumbi, na mshale mmoja mkubwa ukitoka mashariki.

"Mvua ni safari ya upepo," nikawaambia. "Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevunyevu. Ukikutana na mlima hauna njia ila kupanda. Ukipanda unapoa, na hewa ikipoa haiwezi kubeba maji mengi. Ni kama mtu anayepanda kilima na ndoo iliyojaa pomoni, maji yanamwagika njiani. Akifika upande wa pili anashuka na ndoo tupu. Kwa hiyo upande wa mashariki ndio wenye mvua. Upande wa ziwani unapata masazo. Nachagua mashariki."

Ignas akacheka. "Shahada nzima, na umechagua ukungu. Kule hata kanga wanavaa sweta."

Babu hakucheka. Aliutazama mshale wangu kwa muda.

"Hebu nieleweshe," akasema. "Lile bati la jiko lililong'oka na mvua mwezi uliopita, tuliliokota wapi?"

"Bondeni, babu."

"Bonde la upande gani?"

Nikanyoosha kijiti. Tuliliokota upande wa mashariki. Maana yake upepo ule ulitoka magharibi, ziwani.

"Basi mshale wako ulikuwa likizo siku hiyo," babu akasema. "Mimi nimezeeka hapa. Mvua yote inatoka ziwani. Unaiona ikisimama juu ya maji kama ukuta, halafu inapanda. Upande wa ziwani ndio wenye mvua."

Watu wakaguna kumkubali, na kwa kawaida hapo ndipo ungekuwa mwisho. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno "yote" lilinikera. Bado linanikera popote ninapolisikia.

"Shikamoo tena, babu," nikasema, na watu wakatabasamu. "Kama yote inatoka ziwani, mbona mwezi wa sita, mvua ikiwa imeisha kabisa na upande wa ziwani mavumbi matupu, upande wa mashariki unaamka umelowa? Mbona miti ya kule imeota ndevu za kijani, na ya huku haina?"

Babu akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, nitamsifia hilo hadi nife. "Hilo," akasema, "nimeliona maisha yangu yote na sijawahi kuliuliza."

Hapo nikaelewa kitu, na nilikielewa nikiwa bado nimeshika kijiti. Kitabu changu kilichora mshale mmoja kwa sababu ukurasa ulikuwa mdogo. Sisi tunaishi na mishale miwili. Jua linapokuja upande wetu, tangu mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, ukanda wa mvua unalifuata. Pepo za kaskazi zinashuka, na hewa nzito yenye unyevunyevu inatoka misitu ya Kongo, inavuka ziwa na kuongeza maji njiani, kisha inaupanda mlima wetu kutoka magharibi. Hiyo ndiyo mvua ya babu, yenye radi, iendayo na mabati. Jua likishaondoka, upepo unageuka. Inakuja kusi, ambayo watu wa ziwani wanaiita mwera, kutoka baharini kupitia Msumbiji na nyika za Tunduru na Songea. Kwa safari ndefu namna hiyo haibaki na maji mengi, lakini mlima unaukamua upepo huo kama mtu anayekamua nguo. Matone yake ndiyo ukungu na manyunyu ya kipupwe. Ukishavuka kilele unateremka ziwani umekauka na kupata joto.

Nikafuta mshale wa kwanza, nikachora miwili. Nilieleza vizuri, naamini, kwa sababu hata Ignas alisogea kutazama. Babu akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema amefurahi kujua hayo kabla hajafa.

Nami nikafanya nini? Nikasema, "Basi bado nachagua mashariki. Mvua kubwa inafika kote kote kwa kiasi chake, lakini manyunyu ni ya mashariki peke yake." Nikakaa, nimeridhika. Nilikuwa nimeshinda, tena kwa hoja.

Ndipo mama yako akaongea kutoka mlangoni mwa jiko. Alikuwa amekuja kuchukua sahani, na alikuwa amesimama nazo mkononi muda wote huo.

"Samahani, wazee. Nauliza tu. Huo ukungu ndio unaokuza maharage?"

"Ndiyo," babu akajibu. "Tunachimba mashimo ya ngolo mwezi wa tatu, tunapanda mvua ikielekea mwisho. Mashimo yanashika maji, na ukungu unamalizia."

"Na mahindi?"

"Mahindi yanataka mvua ya ziwani, na joto."

"Basi mdogo wangu amekula maharage na mahindi kiasi, mimi nimebaki na mahindi ambayo yatapandwa mwisho wa mwaka." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekusomea bei. "Hapa katikati nawapikia wanangu mshale gani?"

Ignas akalitazama paa la jiko. Mimi nikaanza kusema kwamba ningemsaidia gunia la maharage, na babu akaniinulia kiganja.

"Tulia. Umeuliza mvua inatoka wapi, na umeuliza vizuri. Hukuuliza inamwendea nani. Umehoji kitabu, ukanihoji mimi, ukauhoji upepo. Mtu mmoja tu ulimruka."

"Nani, babu?"

"Wewe unayechagua."

Mwanangu, nimewahi kukaripiwa na watu wengi, wengine kwa sauti kubwa. Karipio hilo lilitolewa kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na ndilo linalonifuata hadi leo.

Nikauliza tufanye nini, maana mlima una pande mbili na watu ni wawili. Mama yako akaweka sahani chini.

"Kule Liuli," akasema, "samaki mkubwa hatumbandui ubavu huu tukampa mmoja, na ubavu ule tukampa mwingine. Tunamkata kwa kuvuka mgongo. Kila kipande kina pande zote mbili."

Babu akacheka hadi akafuta macho. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Lakini hakukubali papo hapo, na hapo nilimpenda zaidi. Akataja tatizo la kweli: mpaka wa kilele hauna ugomvi, ila mpaka wa kuvuka kilele utasogea kidogo kila jembe likiinuliwa, na wajukuu watagombana. Tukabishana jambo hilo kwa muda mrefu, mama yako akiwa sasa ameketi, kitu ambacho sengu haikukizoea. Mwishoni tukakubaliana tuache utepe wa nyasi usiolimwa, kutoka kijito hadi kijito, upana wa kutosha watu wawili kupishana. Nyasi zake tungekata pamoja wakati wa kuchimba ngolo. Asubuhi yake tukapanda wote na kamba. Babu alipumzika mara nyingi njiani, na kila alipopumzika alikuwa na swali jipya kuhusu Kongo.

Mwaka ule tulianza na maharage tu. Mwaka uliofuata, mvua ya ziwani iliondoka mapema. Mahindi yetu, yangu na yenu, yalitoa magunzi ya kusikitisha. Lakini ukungu ulikuja, na mama yako alivuna maharage upande wa mashariki, akauza kidogo, akawapikia mengine. Huenda ladha yake unaikumbuka. Mwaka mwingine ikawa kinyume: ukungu ulikuwa hafifu, maharage yakapukutisha maua, na mahindi yakatubeba. Hapajapita mwaka ambao pande zote mbili zilitunyima kwa pamoja. Siwezi kukuapia kwamba hautakuja. Pepo zinabadilika, na mwezi ambao zamani ulikuwa na hakika siku hizi hauna. Mimi mwenyewe nimeshakosea kubashiri mara nyingi kuliko nilivyopatia, na wanafunzi wangu wanalijua hilo na kunitania.

Sasa turudi kwenye ombi lako. Jibu langu ni hapana, na sababu umezisikia. Kilele kinachowachosha magoti ndicho kinachokata maisha yenu vipande viwili, kimoja cha mvua ya ziwani na kingine cha ukungu wa bahari. Mtu anayelima upande mmoja wa mlima ameweka matumaini yake yote kwa upepo mmoja, na upepo haujawahi kumwahidi mtu kitu. Tukibadilishana, mimi mwenye mshahara wa ualimu nitapata upande wenye maharage, na mama yako mwenye jembe peke yake atangoja mwisho wa mwaka. Kama magoti yake ndiyo yanayokutia wasiwasi, niambie hivyo. Mimi nitawalimia kipande cha mashariki msimu huu na mazao yatabaki yenu. Hilo ni rahisi kuliko kuhamisha mpaka.

Usiache kuuliza, Tekla. Watakuambia msichana anayeuliza sana hapati mume, nao pia waulize wamelijuaje. Kuuliza si ujinga, na bila ubishi wangu babu angekufa akiamini kwamba mvua yote inatoka ziwani. Ila swali likishamaliza kuzunguka dunia, lilete nyumbani: huyu ninayeuliza nataka nini, na jibu likitoka kama ninavyotaka, nani atalala njaa? Sikiliza pia aliyesimama mlangoni na sahani mkononi. Si kwa sababu yeye anajua kila kitu, bali kwa sababu jibu lenu ndilo atakalolipika.

Ukiona sababu zangu zina tundu, njoo unionyeshe. Nitaudhika siku mbili, kisha nitakushukuru. Mungu akupe miguu ya kupanda na macho ya kuona pande zote ukifika juu. Akuvushe kila msimu ukiwa na chakula ndani, na mama yako akizeeka, azeeke akiwa ameketi penye shauri. Amina, mwanangu.