Mpishi Aliyepika kwa Masikio

Mtaani walimwita Kapteni, ingawa maishani mwake hakuwahi kuongoza chombo kikubwa kuliko sufuria. Miaka kumi na tisa alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo, na jina hilo alipewa na watu wasiojua tofauti ya jiko na usukani. Hakuwasahihisha. Nani anakataa cheo cha bure?

Jumapili hiyo aliamka mapema kuliko kawaida. Binti yake, muuguzi, alikuwa anakuja kula mchana, na wote wawili walijua kwamba chakula ni kisingizio tu. Wiki tatu nyuma jirani yake, fundi viatu, alisikia harufu ya gesi ikipenya dirishani. Aliingia akamkuta Kapteni anamenya viazi kwa raha zake, redio ikiimba kwa sauti ya juu, upepo umeshazima jiko na gesi inavuma. Fundi viatu, mtu ambaye siri haikai kifuani mwake hata kwa mkopo, alimpigia binti simu kabla hajafungua madirisha. Tangu hapo binti alikuwa na neno moja: Baba ameanza kusahau, na mtu anayesahau hakai peke yake. Akiboronga leo, nyumba itafungwa naye atahamia chumba cha nyuma kwa binti, ambako hataruhusiwa hata kuchemsha chai.

Ukweli ulikuwa mwingine, na Kapteni aliukalia kimya. Hakusahau kitu. Pua yake ndiyo iliyokufa, tangu ile homa ya mwanzo wa mwaka. Kahawa, sabuni, soksi zake mwenyewe, vyote kwake vilikuwa hewa tupu. Mpishi asiye na pua! Aliona aibu hata kulitamka. Afadhali wabishane kuhusu kichwa chake, maana ubishi huo angeweza kuushinda.

Ndiyo maana alichagua nasi goreng, wali wa kukaanga wa Kiindonesia. Alifundishwa melini na mpishi mkuu wake wa kwanza, Mwindonesia mfupi aliyependa kuwagonga wanafunzi vidole kwa mwiko. Chakula hicho hakina huruma: kila kitu kinaingia kwenye moto mkali kwa dakika chache, na anayeruka hatua moja anaumbuka papo hapo. Akikimaliza vizuri, nani atamwita msahaulifu?

Binti alifika, akamwamkia, akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni. Alianza kumuuliza maswali ya hospitali akiyafunika kwa utani. Leo tarehe ngapi? Dawa ya presha amemeza saa ngapi? Kapteni alijibu yote, kisha akamwongezea saa aliyozaliwa yeye binti na jina la baba mzazi aliyezimia kwenye korido siku hiyo, yaani yeye mwenyewe. Binti alicheka, lakini macho yake yalikuwa kazini.

Bakuli la wali baridi lilipotoka kwenye friji, kicheko kikaisha.

"Baba, hicho si kiporo?"

"Ndicho. Wali huu nimeupika jana makusudi."

Alimweleza kwamba wali wa moto ukitiwa kwenye karai unageuka bokoboko. Lazima ulale, kila punje ijitegemee. Binti aliitikia kwa upole, kama anavyowaitikia wagonjwa. Kapteni akazima redio, akamwomba asiseme neno mpaka chakula kiive. Aliona kwamba binti ameliweka na hilo akilini, kama dalili nyingine.

Lakini alikuwa na sababu. Tangu pua imsaliti, amejifunza kupika kwa masikio. Vitunguu vikiingia kwenye mafuta hupiga kelele. Maji yake yakikauka, kelele hushuka na kuwa mnong'ono, na baada ya mnong'ono mpishi ana sekunde chache tu kabla havijaungua. Hapo ndipo hutiwa pilipili iliyopondwa na kipande kidogo cha uduvi, kamba wadogo waliovundikwa na kusagwa. Aliinamisha kichwa juu ya karai, akasubiri.

Simu ya binti ikalia. Alikuwa shangazi mtu, anataka kujua mzee amekutwaje. Binti alijibu kwa sauti ya chini, lakini jikoni ni padogo, na mnong'ono wa vitunguu ukapotea katikati ya "ndiyo, shangazi" na "bado namwangalia." Kapteni akaanza kutoka jasho. Mvuke ulikuwa umefunika miwani, na hakujua vitunguu vimefika wapi. Alichota kimoja kwa ncha ya mwiko, akakipuliza, akakiuma kwa jino la mbele. Kilivunjika. Akatia uduvi na pilipili, akamwaga wali, akageuza, akageuza tena. Akazungushia mchuzi mtamu wa soya pembeni mwa karai. Mwisho akakaanga mayai mawili. Alipofunga jiko aliinama, akaweka sikio karibu nalo.

Binti alikata simu. "Baba, unasikiliza nini?"

"Jiko. Nahakikisha limezimika."

Walikula. Binti alimaliza sahani, akaongeza, kisha akakwangua karai bila haya. Alipoweka kijiko chini alikuwa ameona aibu, na aliisema. Alikuwa amekosea, fundi viatu bila shaka alitia chumvi.

"Mtu anayesahau hapiki hivi. Kaa kwako, Baba. Na Ijumaa nina zamu ya usiku, nitakuletea mtoto alale hapa kama zamani."

Kapteni alikuwa ameshinda. Alisubiri furaha, haikuja. Alichokiona ni mjukuu wake wa miaka minne amelala chumba cha pili, mlango wazi, hatua sita kutoka kwenye mtungi wa gesi. Kunyamaza kungekuwa rahisi kabisa.

"Usimlete," alisema. "Kichwa changu kizima. Pua ndiyo imekufa. Siku ile gesi ilijaa nyumba nzima na mimi nimekaa namenya viazi. Mtoto asilale kwangu."

Kama muuguzi, binti alielewa mara moja. Kama mtoto wa Kapteni, alihitaji muda zaidi. Aliinuka, akaufunga mtungi mpaka mwisho, akarudi kwenye kiti chake.

"Basi Ijumaa nitakuja kukuchukua wewe, umlaze mtoto kwangu."

Kapteni aliitikia kwa kichwa. Hakubisha. Alisogeza sahani tupu kando.

"Niambie basi," alisema. "Kilikuwa kinanukiaje?"

Binti alifuta macho kwa kiganja. Akalivuta karai karibu, akainamisha uso ndani yake, akaanza na vitunguu.