Bosi anataka niwaombe radhi mabinti kwa kuwaambia mshahara wao wa kweli

Admin, nifichie jina, mji wetu ni mdogo. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, naishi Bagamoyo. Ni karani kwa wakala anayepeleka wafanyakazi wa ndani nchi za Ghuba.

Mkataba hauidhinishwi na serikali kama mshahara haujafika kima cha chini kilichowekwa, na afisa humhoji kila binti kwanza. Waajiri wa kule, wateja wa bosi, hawataki kukilipa. Kwa hiyo mimi huwafanyisha mabinti mazoezi: najifanya afisa wa serikali, nawauliza watalipwa kiasi gani. Akitaja kima cha chini bila kubabaika, amefaulu. Haambiwi kwamba kule atapewa nusu.

Wiki iliyopita alikuja binti wa Mlingotini, nimwite Zuhura. Alijibu vizuri, kisha akaniambia kwa furaha kwamba mdogo wake atarudi shule kwa mshahara ule. Nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza ukweli.

Mwanzoni alidhani namtania. Halafu akatoka kuwaeleza wenzake, na bosi alipowaita, hakuna aliyeinuka. Bosi akauliza nani kawajaza maneno. Zuhura hakunitaja. Nikajitaja mwenyewe.

"Karani wa juzi, leo umekuwa waziri?" bosi akasema. Akaniamuru niwaombe radhi mabinti mbele yake, niseme nilikosea, la sivyo nisirudi kazini.

Jana mama yake Zuhura alikuja nyumbani na bintiye. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alinisihi nikubali ili safari isife.

"Mwanangu, hiyo nusu sisi tunaitaka. Wewe una mshahara, ndiyo maana unazijua sheria."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu si ya uongo. Zuhura ndiye aliyejibu: "Mama, wakinilipa nusu, basi na nguo nitafua nusu."

Ndugu zangu, naogopa. Bosi anafahamiana na watu, na kwetu anapajua. Lakini kuomba radhi sitaomba, hilo msinishauri. Ninachouliza ni hiki: niende kwa afisa wa kweli nikamweleze, nikijua safari za mabinti wote zitasimama na mama zao watanijia mlangoni kama huyu? Au niache kazi kimyakimya, karani mwingine akalie kiti changu na kuendelea na mazoezi?

Zuhura anasema nikienda, atanisindikiza. Niambieni, twende?