Jeep ya kifahari iliyotumika: nilipewa wiki moja ya kuijaribu, ikanipandishia mahari

Wakuu, salamu kutoka Kisangani.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza kama anunue SUV ya kifahari ya mkononi, zile V8 zilizoshuka bei mpaka unashangaa. Wengi wanaojibu wameiona YouTube. Mimi nimeiendesha siku saba, na nitaeleza yote, pamoja na sehemu zinazonidhalilisha.

Chapa siitaji. Huku kwetu gari lolote kubwa ni jeep, basi tuliite jeep.

Shule niliacha mapema. Nimebeba mizigo kwenye boti za Basoko, nimechimba dhahabu Bafwasende, sasa naendesha pikipiki ya abiria. Ugonjwa wangu ni mmoja: nikiona waya lazima nijue unaenda wapi.

Mwaka huu nilikuwa na mpango mmoja wa maana, kumuoa Mado. Kwao ni watu wa mtoni kutoka Yanonge, wanaishi hapa mjini, Mangobo. Akiba ya mahari ilikuwa kwa mama yangu mdogo, mtu ambaye hatoi fedha hata ukilia.

Sasa nina abiria wangu wa kila asubuhi, Papa Shabani, muuza vitambaa. Siku moja akaniambia, "Fiston, leta akiba yako na hii moto, jeep yangu inakuwa yako. Jaribu kwanza wiki moja." Moto kwetu ni pikipiki.

Mwenye V8 anaenda sokoni kila siku kwa pikipiki ya kukodi. Hapo ndipo ningejiuliza. Sikujiuliza.

Nilikuwa na hesabu yangu. Maharusi wa hapa wanazungushwa mji mzima Jumamosi, honi juu, na wanalipa vizuri kwa gari la kuonekana. Harusi moja ni wiki nzima ya pikipiki. Nikaona nitamuoa Mado kwa faida, mtaji ukibaki.

Haya, ripoti.

Mafuta: kwenda uwanja wa ndege na kurudi, jeep inakunywa kinachotosha pikipiki yangu siku mbili. Na hiyo ni ukiendesha kistaarabu.

Vipuri: pikipiki yangu ikiharibika, kipuri kipo kwenye meza kando ya muuza karanga. Cha jeep unaagiza Kampala, kinapanda lori, kinapita Bunia, kinalala kwenye matope kabla ya Bafwasende. Kikifika, ni cha upande wa kushoto. Wewe uliagiza cha kulia.

Suspension: inatumia hewa badala ya springi. Ukiwasha gari linanyanyuka kama ngamia, raha tupu. Lakini mipira ya hewa ilikuwa inavuja, kwa hiyo ukilipaki saa moja linakaa chini lenyewe.

Radieta: nilifungua kifuniko nikakuta maji ya kahawia. Nikampigia fundi wa Papa Shabani. Akasema yeye anaweka maji ya kisima, na thermostat, ile ya kudhibiti joto la injini, aliitoa zamani.

"Uliitoa kwa nini?"

"Ile iko ya kupasha moteur joto. Hapa joto iko tayari."

Nikacheka, nikaendelea kuendesha. Wakuu, mimi ndiye mjinga wa hadithi hii, si yeye.

Nina kile kidude cha kupima gari kwa simu. Nilikichomeka, makosa yakajitokeza mpaka nikachoka kusogeza kioo. Nikayafuta yote. Taa zikazimika kwenye dashibodi, nikajiona injinia. Kabla sijafika nyumbani zilikuwa zimerudi.

Nisiwe mnafiki lakini. Kwenye mashimo ya Mangobo lile gari linaelea. Ndani kuna ubaridi na ukimya, unasikia mawazo yako mwenyewe, hata yale ya kipumbavu yanasikika ya maana.

Kuna gharama nyingine ambayo mnaopiga hesabu za lita na oil hamuiandiki. Siku ya pili tu muuza ndizi alinipandishia bei. Siku ya tatu nilipeleka jirani matanga, maana mwenye jeep hawezi kukataa kusafirisha wafiwa. Siku ya nne, mama mwenye uchungu wa kuzaa. Alijifungua salama, hospitali, namshukuru Mungu na kiyoyozi. Hakuna aliyeuliza nani anaweka mafuta.

Sasa Jumapili.

Kwetu, ukishajitambulisha ukweni, siku inapangwa wanakukabidhi orodha ya mahari. Tunaiita facture, yaani ankara, na ni facture kweli. Wazee wanaiandika baada ya kukutazama vizuri.

Mado alinipigia asubuhi. "Kuja na moto yako. Unanisikia? Kuja na moto."

Nikaenda na jeep. Mama mdogo kiti cha mbele, kitambaa kichwani kimesimama kama mnara.

Tulipokelewa vizuri mno. Tonton wa Mado, ndugu wa baba yake na mshika daftari, alitazama jeep, akatazama daftari, akasema, "Bon, mutungojee kidogo." Wakaingia ndani na kufunga mlango. Walikaa saa nzima.

Alipotoka akasoma kwa sauti ya mtu wa redio. Mbuzi tano. Groupe électrogène moja, yaani jenereta. Friji. Costume, yaani suti, ya papa, ya tonton mukubwa, ya tonton mudogo.

Mama mdogo akasema, "Tulisikia iko mbuzi mbili."

"Ile ilikuwa ya mutu wa moto," tonton akajibu. "Hii iko ya mutu wa jeep."

Akiba yangu haikufika hata kwenye friji. Mado alikuwa mlangoni, ananitazama bila kupepesa.

Tukatoka kuaga. Jeep ilikuwa imekaa chini, tumbo karibu na udongo. Nikaiwasha inyanyuke. Shangazi watano wa Mado wakaingia kuonja ubaridi, wakafunga milango, wakagoma kutoka. Injini ikanguruma pale pale, jua la saa nane. Sindano ya joto ikapanda, kisha mvuke ukatoka mbele. Walitoka kwa mpigo, mmoja bila kiatu.

Baba yake Mado ametengeneza injini za boti maisha yake yote. Alikunja mikono ya shati lake la kanisani, akafungua boneti, akaacha ipoe, akachovya kidole kwenye maji. Kutu. Akanigeukia.

"Hii gari iko yako?"

Majirani walishajaa uani. Nikisema ndiyo, heshima inabaki, facture inabaki, na Mado simuoi. Nikisema hapana, nimekuja ukweni na fahari ya kuazima.

"Hapana, papa. Naijaribu."

"Na ungeilipa na nini?"

"Na mahari ya Mado. Na pikipiki."

Shangazi mwenye kiatu kimoja ndiye aliyeanza kucheka.

"Donc ulitaka kuoa hii," mzee akasema, akionyesha jeep kwa kidole chenye kutu.

"Nilifikiri itazaa, papa."

Akanyoosha mkono, akachukua daftari kwa tonton, akachana ukurasa. Tonton akajaribu, "Kaka, hata friji tu..."

"Friji ya nani? Mutu hana gari."

Akaandika mwenyewe. Mbuzi mbili, costume yake peke yake, vitambaa vya mama. Chini akaongeza kwamba bwana harusi atasafisha radieta hii leo hii, pamoja naye, ili ajue alichotaka kununua. Tuliosha mpaka jioni. Aliongea nami zaidi siku ile kuliko miezi yote iliyotangulia.

Jumatatu nilirudisha ufunguo. Mahari nimeshatoa, na Mado yuko kwangu.

Ushauri wangu: jeep hizo si mbovu. Ila kabla ya kuuliza bei, tafuta mjini kwako fundi anayejua thermostat ni ya nini, na duka lenye hata kipuri kimoja chake. Ukikosa vyote viwili, umenunua sofa. Na usifike nayo ukweni kabla facture haijaandikwa.

Mnaomiliki V8 na kuihudumia vizuri, njooni mseme mnawezaje, najifunza. Mnaotaka kunicheka, karibuni pia.

Mado amesoma kabla sijatuma. Anasema nimeruka jambo moja: papa alipouliza kama gari ni langu, nilikaa kimya muda mrefu mno.

Ni kweli. Nilikuwa nahesabu mbuzi.