Walimsifu mtamba wangu kwa kubeua kidogo, wakamuua kwa ndama mkubwa

Wakuu, salamu. Mimi huwa nasoma nyuzi za watu napita kimya. Leo nina hasira, na ninachoandika hapa sijakitia chumvi.

Nipo Izia, Sumbawanga. Nilipoolewa baba alinipa ndama jike mweupe, tukamwita Mchele. Nimemkatia majani hadi nikiwa na mimba kubwa.

Mpango wangu ulikuwa mmoja: mwanangu akiacha kunyonya, Mchele awe ameshazaa, mtoto apate maziwa. Basi.

Mwaka jana wakaja watu wa mradi. Wakasema ng'ombe akibeua anatoa gesi ya methane inayoharibu hali ya hewa, kwa hiyo wanatafuta wanaobeua kidogo wawazalishe.

Jamani, tulicheka. Jirani yangu Baba Deo akamuuliza mtaalamu wao, "Na mke wangu akila maharage mtampima?"

Mchele akapimwa. Anaingiza kichwa kwenye boksi lenye chakula, mashine inavuta pumzi yake. Wakasema huyu ni wa kipekee, wakamvalisha hereni ya njano sikioni. Nilitembea mtaani kama mama wa bibi harusi!

Sasa sikilizeni.

Huku kwetu mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, mimba ya kwanza anapelekwa kwa dume dogo. Makusudi kabisa, ili ndama awe mdogo atoke salama. Mtaani kwetu dume hilo lilikuwa la Baba Deo, jeusi, fupi, halina sura. Lakini mitamba yote ilipita kwake ikazaa vizuri.

Mradi ukasema madume ya mtaani yahasiwe yasivuruge kizazi. Likahasiwa. Sasa hivi linavuta plau.

Siku ya kumpandikiza Mchele mbegu ya dume lao, mama mkwe wangu akamwambia mtaalamu, "Mwanangu, huyu nyonga zake nyembamba. Hilo dume lenu likoje?"

"Bibi, dume bora hilo. Linabeua kidogo kuliko yote."

"Sijakuuliza linavyobeua. Nimekuuliza ukubwa."

Akacheka, akavaa glovu yake ndefu, akafanya kazi yake.

Mchele alishikwa uchungu Jumapili asubuhi, watu wakienda misa. Miguu ya ndama ikatoka, kichwa kikagoma. Nikampigia mtaalamu. "Dada, nipo mbali, Kabwe huku ziwani kwenye semina, mvuteni taratibu."

Semina!

Baba Deo akafunga kamba, tukavuta, mama mkwe anasali kwa Kifipa. Mimi nimezaa wakuu, ule mlio wa Mchele naujua.

Ndama alitoka amekufa, likubwa kama limeshaachishwa ziwa. Mchele hakunyanyuka tena. Alikata roho mchana, chuchu zinadondosha maziwa chini kwenye tope.

Maziwa ya mwanangu hayo.

Mtaalamu alipokuja hata pole hakuanza nayo. Aliulizia hereni, eti ni mali ya mradi; sikumpa. Halafu akaniambia vipimo vya Mchele vimewasaidia sana. Mama mkwe alinishika mkono, vinginevyo leo ningekuwa naandikia mahabusu.

Sipingi kupunguza hiyo gesi. Mvua zimeharibika, wakulima tunaona wenyewe. Nilichojifunza ni hiki: mtu akikuletea mbegu, muulize ukubwa wa dume kabla hajavaa glovu. Akicheka, mfukuze. Na dume lenu dogo msikubali liguswe.

Wafugaji na madaktari wa mifugo mliomo humu, semeni. Hawa watu hawakujua, au walijua wakaona ni ng'ombe wa mwanamke tu wa Izia? Hata wa kunitukana mje, nipo.

Mwanangu saa hii anakunywa uji wa ulezi mtupu, huku anachezea ile hereni ya njano. Jana mtaalamu kapiga tena anaiulizia.

Nimemwambia aje aichukue mwenyewe, mkononi mwa mtoto.